Picha ya Ubongo Haitaji Ugonjwa, Inataja Dozi

Ile nyekundu inayowaka kwenye skani ya PET, picha inayopigwa baada ya mtu kudungwa dawa yenye mionzi, haimo kwenye ubongo wa mtu yeyote. Mashine ilihesabu miale, ikatoa jedwali la namba, kisha fundi akachagua kwenye kompyuta rangi gani ianzie wapi na iishie wapi. Akisogeza kiwango cha juu kidogo tu, sehemu ya mbele iliyokuwa ya manjano inageuka bluu, na mgonjwa ni yule yule, sindano ni ile ile. Hilo si kosa la mtu. Ndivyo picha hizi zinavyotengenezwa. Tatizo linaanza pale picha mbili zinapowekwa ubavu kwa ubavu, moja imeandikwa "mzima" na nyingine "skizofrenia", zikasambazwa WhatsApp, na msomaji akaondoka akiamini kwamba ugonjwa huu wa akili una sura na sura yenyewe inaonekana kwa macho.

Hauna. Wanasayansi wamekuwa wakiupiga picha kwa miaka hamsini, na hadi leo si PET, si ndugu yake SPECT, si MRI ya sumaku inayotumika kuthibitisha kwamba mtu ana skizofrenia. Utambuzi bado ni mazungumzo, historia ya mgonjwa, maelezo ya ndugu zake, na muda. Lakini kuibeza kazi yote ya miaka hiyo nako ni upofu, kwa sababu ilituachia namba moja yenye faida ya kila siku hata kwenye zahanati isiyo na mashine yoyote. Namba hiyo haina rangi. Nadhani ndiyo maana haisambai.

Tuanze na sukari, maana ndiko ilikoanzia hadithi. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni glukosi. Dawa ya mionzi inayoitwa FDG ni glukosi iliyochezewa kidogo, ikawekewa florini-18. Inapita kwenye milango ile ile ya glukosi, inaingia kwenye seli, kimeng'enya cha heksokinesi kinaitia fosfeti kama kawaida, halafu inakwama hapo: hatua inayofuata ya kuivunja haiwezekani, na kutoka nako ni vigumu. Seli iliyokula sana inabaki na mionzi mingi. Mashine inasoma kilichobaki.

Maandalizi yenyewe ni ya kawaida ila hayataki uzembe. Mtu anakaa bila kula saa 4 hadi 6, maji anaruhusiwa. Sukari ya damu inapimwa kabla ya sindano, na vituo vingi huahirisha ikivuka kati ya 9 na 11 mmol/L, kwa kuwa glukosi halisi inagombea mlango na FDG na picha yote inafifia. Anadungwa kiasi cha megabekereli 150 hadi 250, kisha anakaa kama nusu saa kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu: haongei, hasomi, hashiki simu. Ndipo anapolazwa kwenye mashine kwa dakika 10 hadi 20.

Sasa angalia mtego ulipo. Picha inayotoka haionyeshi ubongo ulivyokuwa ndani ya mashine. Inaonyesha wastani wa ile nusu saa kwenye kiti. Kwa mtu mwenye saikosisi, yaani akili iliyoachana na uhalisia, nusu saa hiyo inaweza kuwa ya kusikiliza sauti zinazomtukana, au ya kuwaza kwamba kilichomo kwenye sindano ni sumu. Huenda usiku uliopita hakulala, au asubuhi alipewa diazepamu ili atulie, na diazepamu inashusha matumizi ya sukari kwenye gamba la ubongo. Haloperidoli, dawa ya saikosisi, kwa upande wake inayapandisha kwenye striatamu, kile kiini kilicho ndani kabisa. Sigara nazo zinabadilisha picha, na wagonjwa wengi huvuta. Tena dawa nyingine za saikosisi, olanzapini na klozapini, zinaweza kuleta kisukari, kwa hiyo anayefika na sukari ya 12 si tukio la ajabu. Picha moja, sababu sita, na ugonjwa ni mmojawapo tu.

Mwaka 1974 David Ingvar na Göran Franzén wa Sweden walipima mtiririko wa damu ubongoni kwa kutumia gesi ya xenoni na kukuta kwamba kwa wagonjwa wa muda mrefu sehemu ya mbele ilikuwa imepoa kuliko inavyotarajiwa. Hapo likazaliwa wazo la "ubongo wa mbele uliolala", na likapendwa sana kwa sababu lilielezea kile ndugu wanachokiona nyumbani: kijana aliyekuwa mchangamfu sasa anakaa tu, hapangi, haanzi jambo. Mwaka 1986 timu ya Daniel Weinberger Marekani ikaliboresha: kasoro ilijitokeza zaidi mgonjwa alipopewa jaribio la kupanga kadi linalohitaji sehemu hiyo ifanye kazi. Hilo lilikuwa na mantiki zaidi. Hata hivyo tafiti zilizofuata zilipishana vibaya, hasa zilipowapima watu ambao hawajawahi kumeza dawa yoyote.

Sehemu ya mpishano huo ni hesabu ya darasa la sita. Kupata kiwango halisi cha matumizi ya glukosi, kwa mikromoli kwa kila gramu 100 kwa dakika, kunahitaji damu ya ateri, yaani mrija mdogo kwenye kifundo cha mkono na sampuli nyingi. Inauma, inatisha, na mgonjwa mwenye hofu anaweza kukataa. Watafiti wengi wakakimbilia uwiano: sehemu ya mbele igawanywe kwa sehemu ya kisogoni. Chukua mtu ambaye mbele ana 36 na kisogoni 36. Uwiano wake ni 1.0. Mpime tena akiwa amefumbua macho na kuangaza huku na huko kwa wasiwasi. Kisogo ndicho kinachohudumia kuona, kwa hiyo kinapanda hadi 40. Uwiano sasa ni 0.9, na kwenye ripoti anasomeka kama mtu ambaye ubongo wa mbele "umeshuka", ilhali mbele hapajapoteza hata tone. Uwiano haukuambii ni namba gani kati ya mbili iliyosogea.

Kwenye dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumiana ujumbe, mambo ni imara zaidi, ingawa nako kulianza na mvutano. Mwaka 1975 na 1976 maabara za Amerika Kaskazini zilionyesha kwamba nguvu ya dawa za saikosisi inaendana na jinsi zinavyokamata vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vya aina ya D2. Wazo lililofuata lilikuwa jepesi: basi wagonjwa wana vipokezi vingi mno. Mwaka 1986 timu ya Johns Hopkins, Marekani, ikatangaza kwamba imeviona kwa PET. Karibu wakati huo huo wenzao wa Karolinska, Stockholm, wakitumia dawa nyingine ya mionzi iitwayo rakloprajidi, hawakukuta tofauti. Timu zote mbili zilijua kazi yao. Zilitofautiana kwa dawa ya mionzi: moja inashika vipokezi kwa nguvu na kwa muda mrefu, nyingine inashika na kuachia na inasumbuliwa na dopamini iliyopo. Somo la hapo ni kwamba kabla hujauliza skani imeonyesha nini, uliza walidunga nini.

Ile tabia ya rakloprajidi na ndugu zake ya kusumbuliwa na dopamini iligeuka kuwa faida. Mwaka 1996 Marc Laruelle na wenzake waliwapa wagonjwa wasiokuwa kwenye dawa, na watu wazima wa afya, amfetamini kidogo, ambayo inaifanya dopamini imwagike. Dopamini ikimwagika inakalia vipokezi, na dawa ya mionzi inakosa pa kukaa. Kwa watu wa afya nafasi zilipungua kwa asilimia 7.6, kwa wagonjwa zilipungua kwa 19.5. Miaka minne baadaye Anissa Abi-Dargham na timu yake walifanya kinyume chake, wakaikausha dopamini, na nafasi zikafunguka kwa asilimia 19 kwa wagonjwa dhidi ya 9 kwa wengine. Kilichozidi, basi, kiko upande wa seli inayotuma. Vipokezi vya upande wa pili havina hatia kubwa.

Njia ya tatu inapima kiwanda chenyewe. Unamdunga mtu dopa yenye florini-18 na kuangalia striatamu inaivuta na kuigeuza kuwa dopamini kwa kasi gani. Saa moja kabla, anapewa kabidopa miligramu 150 na entakaponi miligramu 400, ili mwili usiitumie dopa hiyo njiani kabla haijafika kichwani. Ukisahau vidonge hivyo, utapata picha ya figo na utumbo zikifurahia dawa yako, na kichwani makombo. Kisha mtu analala dakika 95 bila kugeuza kichwa. Dakika 95! Anayesikia sauti, ambaye dawa zilimwachia kutotulia miguu, anaombwa alale kama gogo kwa muda wa mechi ya mpira. Kichwa kikisogea milimita 5 katikati ya kipimo, striatamu inachanganyika na jirani yake na kasi inashuka kwa uongo. Programu za kurekebisha mwendo zinasaidia, ila haziokoi kila kitu. Matokeo hulinganishwa na serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, ambao hauna dopamini ya kutaja.

Mwaka 2012 Oliver Howes na wenzake wakajumlisha tafiti 44 za dopamini kwenye striatamu, zenye wagonjwa 618 na watu wa kulinganisha 606. Upande wa kutengeneza na kutuma dopamini ulikuwa juu kwa wagonjwa, na ukubwa wa tofauti, kile wanatakwimu wanachokiita d, ulikuwa takriban 0.8. Katika magonjwa ya akili hiyo ni tofauti kubwa. Ndiyo matokeo bora ambayo fani hii inayo.

Haya, tuyapeleke kliniki tuone. Chora milima miwili ya takwimu yenye d ya 0.8: inafunikana kwa karibu asilimia 69. Mchukue mgonjwa mmoja na mtu wa afya mmoja, wote hujawahi kuwaona, useme mwenye dopamini ya juu ndiye mgonjwa. Utapatia mara 71 katika 100, na ukirusha shilingi ungepatia 50. Au weka mstari katikati ya milima, kila aliye juu yake umwite mgonjwa. Skizofrenia inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 300. Ukiwapima watu 300, mgonjwa wako mmoja ana nafasi ya asilimia 65 hivi ya kuonekana, na pamoja naye utakuwa umewabandika jina hilo watu wapatao 103 ambao hawana chochote. Kwa skani ya dakika 95, yenye mionzi, yenye gharama ya kutisha. Kwa hiyo anayekuuzia "skani ya kugundua skizofrenia" anauza hesabu hiyo, iwe anaijua au haijui.

Glutameti na GABA, kemikali nyingine za ujumbe ubongoni, ya kwanza ikichochea seli na ya pili ikizituliza, ndiyo habari iliyotawala miaka ya karibuni, na hapa mashine inayotumika ni MRI ya kawaida yenye programu ya spektroskopia. Haina mionzi, hilo ni jema. Haitoi picha bali mstari wa vilima, kila kilima kikiwakilisha kemikali: NAA kwenye alama ya 2.0, kreatini 3.0, kolini 3.2. Glutameti na glutamini zimebanana kati ya 2.1 na 2.5 kiasi kwamba kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) watafiti wengi huzijumlisha na kuita jumla hiyo Glx. Kwenye tesla 7 zinaachana vizuri.

Unachopima ni kisanduku kimoja ndani ya ubongo, mara nyingi sentimita 2 kila upande, yaani mililita 8. Ndani yake mna tishu ya kijivu na tishu nyeupe, mishipa, na maji ya ubongo. Maji peke yake yana ishara kubwa kuliko glutameti kwa maelfu ya mara, kwa hiyo lazima yazimwe kwanza, la sivyo ni sawa na kusikiliza mnong'ono karibu na jenereta. Kisha sumaku inasawazishwa ndani ya kisanduku hicho. Kisanduku kikiwekwa karibu sana na fuvu, mafuta ya kichwani yanaingia na kuharibu upande wa kulia wa mstari. Pini ya nywele iliyosahaulika, au nywele bandia zenye uzi wa metali, inapinda sumaku na vilima vinatanuka hadi vinameza jirani zao. Fundi mzuri anatazama upana wa kilima cha maji kabla ya kuanza, na akiuona mbaya anasawazisha upya. Fundi mwenye foleni ndefu anaendelea tu.

GABA ni ngumu zaidi, maana kilima chake cha 3.0 kimelaliwa na kreatini iliyo mara kadhaa juu yake. Ujanja ni kupima mara mbili, mara moja kukiwa na mpigo maalumu kwenye 1.9 unaoigusa GABA bila kuigusa kreatini, mara moja bila mpigo, kisha kutoa moja kwenye nyingine. Kreatini inajifuta, GABA inabaki. Kwa kawaida ni vipimo 320, dakika 10 hivi. Kwa nadharia ni safi. Kwa vitendo, kreatini ikisogea hata kidogo kati ya vipimo haifutiki yote, na mabaki yake yanajifanya GABA. Kinachoisogeza ni kichwa cha mgonjwa, au mashine yenyewe: ukitanguliza skani nzito zinazotikisa gredienti, yaani koili za kubadilisha sumaku, vyuma vya ndani vinapata joto na masafa yanateleza kwa dakika nyingi baadaye. Ndiyo maana spektroskopia inapaswa kutangulia kwenye ratiba, lakini mara nyingi huwekwa mwisho, mgonjwa akiwa amechoka na sumaku ikiwa imepata moto. Na hata mambo yote yakienda sawa, hadi nusu ya kile kilima cha GABA inaweza kuwa protini kubwa zinazokaa mahali pale pale.

Kuna shida kubwa kuliko zote hizo, nayo haitibiki kwa fundi hodari. Glutameti inayopimwa ni yote iliyomo kisandukuni, na karibu yote iko ndani ya seli ikifanya kazi za kawaida za nishati na ujenzi. Ile inayorukia sinapsi, kipenyo kati ya seli na seli, kama ujumbe ni chembe ndogo sana ya jumla. Kusema "glutameti imepanda, basi seli zinapiga kelele" ni kama kupima shehena yote ya mahindi iliyo ghalani na kutangaza wageni wangapi wamekula leo. Uchambuzi wa 2016 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta glutameti imepanda kwenye viini vya ndani. Wa 2021, wenye data za mshiriki mmoja mmoja, ulikuta sehemu ya mbele imeshuka kidogo, na dozi kubwa ya dawa ikiendana na glutameti ndogo. Hayo hayapingani moja kwa moja, ila yanaonyesha jinsi umri, dawa na mahali kisanduku kilipowekwa vinavyoivuta namba. Ukitazama upande wa tiba, imani yangu inazidi kupungua: bitopertini, pomaglumetadi, na mwaka 2025 iklepertini, zote zilizolenga mfumo wa glutameti, zilianguka kwenye majaribio makubwa.

Kwa upande wa nishati, mwaka 2014 watafiti wa Hospitali ya McLean, Marekani, walitumia spektroskopia ya fosforasi kwenye tesla 4 na kukuta mmenyuko unaotengeneza ATP, mafuta ya seli, kutoka akiba ya fosfokreatini ukienda kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 22 kwa wagonjwa. Hiyo inapima mashine ya nishati ikiwa kazini, tofauti na FDG inayopima mlangoni. Ni kazi ninayoiona ina mbele, ingawa koili za fosforasi ziko kwenye vituo vichache.

Je, mtu aliyepata saikosisi kwa mara ya kwanza asipigwe picha kabisa? Apigwe kukiwa na sababu: degedege, homa, kuumwa kichwa kusikoisha, udhaifu wa upande mmoja, kuanza ghafla baada ya miaka 50. Hapo CT au MRI inatafuta uvimbe, damu, maambukizi. Kabla ya hapo kuna vipimo vya bei nafuu ambavyo kwetu Afrika Mashariki vina thamani kuliko skani yoyote: malaria, VVU, kaswende, sukari, tezi ya shingo. FDG yenyewe ina mahali pake kwenye uvimbe wa ubongo unaoletwa na kinga ya mwili kushambulia vipokezi vya glutameti vya aina ya NMDA. Ugonjwa huo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana: anaanza kuongea yasiyoeleweka, kisha degedege, midomo inajichezesha, mwili unakakamaa. MRI inaweza kuwa safi kabisa wakati FDG inaonyesha kisogo kimezimika waziwazi. Jibu la mwisho linatoka kwenye maji ya uti wa mgongo, na tiba yake haifanani hata kidogo na ya skizofrenia. Nairobi kuna mashine za PET na siklotroni za kutengenezea FDG, kazi yake kubwa ikiwa saratani. Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo inasafirika mjini. Rakloprajidi yenye kaboni-11 inapungua nusu kila dakika 20. Baada ya saa moja umebaki na moja ya nane. Lazima itengenezwe chumba cha pili.

Na ni rakloprajidi iliyotupa ile namba isiyo na rangi niliyoitaja mwanzo.

Fikiria vipokezi vya D2 kama viti vya daladala. Mpige mtu skani kabla ya dawa: rakloprajidi inakalia viti vilivyo wazi, unahesabu. Mpige tena akiwa kwenye haloperidoli: viti vingi vimeshakaliwa, rakloprajidi inapata vichache. Tofauti ya hesabu mbili ukiigawa kwa ya kwanza ni asilimia ya viti ambavyo dawa imevishika. Lars Farde na wenzake wa Karolinska walikuta dozi za kawaida za dawa za zamani zinashika asilimia 70 hadi 89. Mwaka 2000 Shitij Kapur na timu yake ya Toronto wakawachukua wagonjwa 22 wa mara ya kwanza, wakawapa kwa bahati nasibu haloperidoli miligramu 1 au 2.5 kwa siku, wakawapima. Nafuu ilianza kujitokeza viti vilipozidi asilimia 65. Homoni ya prolaktini ilipanda kuanzia 72. Hiyo ndiyo inayokatisha hedhi na kutoa maziwa kwa asiyenyonyesha. Kukakamaa, kutetemeka na kutotulia kulianza kuanzia 78.

Dirisha lote la tiba, basi, ni kati ya 65 na 78. Sasa tazama dirisha hilo ni la miligramu ngapi. Miligramu 2 za haloperidoli kwa siku zinashika wastani wa karibu asilimia 67. Ushikaji huu haupandi kwa mstari ulionyooka, unapinda na kulala. Ukiufuata mkunjo huo, miligramu 4 zinakufikisha kama 80, miligramu 10 kama 91, na 20 kama 95. Kutoka 10 kwenda 20 umeongeza dawa maradufu na kupata asilimia 4 za viti, huku madhara yakiwa yalishavuka mpaka wake zamani.

Kwetu jambo hili si la maabara. Haloperidoli, kloropromazini na sindano ya flufenazini ndizo dawa za kila siku kwenye hospitali nyingi za umma. Mgonjwa anaingia usiku akiwa amefungwa kamba, anadungwa haloperidoli miligramu 5 au 10, na hapo hakuna ubishi: anahitaji kutulia, na dozi ya kutuliza ni hesabu nyingine. Kosa linafanyika wiki mbili baadaye, dozi ile ya usiku wa kwanza inaponakiliwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, 5 asubuhi na 5 jioni, tena ikisindikizwa na benzheksoli kwa ajili ya kukakamaa. Benzheksoli inaficha dalili kwamba viti vimezidi 78. Yenyewe inakausha mdomo, inafunga choo, inapunguza kumbukumbu, na wapo wanaoitafuta kwa ulevi. Mara nyingi swali la kwanza lingekuwa: kwa nini tusipunguze haloperidoli? Kwa sindano ya mwezi swali hilo liulizwe kabla, maana ikishaingia kwenye msuli haitolewi. Anza na miligramu 12.5 za flufenazini uone, kuliko kuruka hadi 25 kwa sababu chupa ndiyo inasema hivyo.

Namba hiyo hiyo inawasaidia wale ambao dawa haiwafanyii kazi. Mwaka 2012 Arsime Demjaha na wenzake wa London walipima kiwanda cha dopamini kwa wagonjwa waliokataa kupona kwa dawa, wakakuta kinafanana na cha watu wa afya. Kama dopamini yao haijazidi, kuizuia zaidi kutafanya nini? Viti vimeshakaliwa na sauti bado zinaongea. Aliyemaliza wiki 6 kwa kila moja ya dawa mbili tofauti kwa dozi ya kutosha, na kweli alizimeza, haongezewi ya tatu ya ukoo ule ule. Anastahili klozapini, ambayo kwenye skani za Farde ilishika asilimia 38 hadi 63 tu na bado ikawapa nafuu wengi walioshindikana, kwa sharti la kupima chembe nyeupe za damu bila kukosa. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyogusa kabisa viti vya D2, zanomelini iliyochanganywa na trospiamu. Inapitia vipokezi vya muskarini. Itachukua muda kufika kwenye famasi zetu.

Haloperidoli ipo. Haipunguzwi na mgonjwa peke yake wala na mama yake; ikikatwa ghafla ugonjwa unarudi kwa kishindo. Inapunguzwa na anayemtibu, polepole, kwa wiki kadhaa, kila hatua akimshika mgonjwa mkono na kuukunja kwenye kiwiko kusikiliza kama bado unakwamakwama kama gurudumu lenye meno. Kidonge kilichozoeleka ni cha miligramu 5, na vingi vina mstari katikati. Nusu yake ni 2.5.